Rangi ya ugali: vipande vya DNA vinavyohama na soko lililotuchagulia sembe nyeupe



Hapa Johannesburg mahindi si zao moja, ni mazao mawili. Kwenye soko la hisa la JSE, pale Sandton, mikataba ya mahindi meupe na mikataba ya mahindi ya njano inauzwa mbali mbali, kila mmoja na bei yake. Meupe ni chakula cha watu: ndiyo pap ya wenyeji, ndiyo ugali wetu sisi wageni. Ya njano kwa sehemu kubwa ni ya kuku, nguruwe na ng'ombe. Ukame ukipiga, kama ulivyopiga msimu wa 2015/16, bei ya meupe huiacha mbali bei ya njano, maana mlaji wa huku hakubali kirahisi kubadilisha rangi ya sahani yake.

Waulize watu kwa nini. Watakwambia ndiyo asili yetu, ndivyo walivyokula mababu. Hebu tuulizane: asili ipi hiyo? Ukiifuatilia rangi ya ugali utafika mahali pawili ambapo wanahistoria wetu hawapatembelei kwa safari moja. Pa kwanza ni ndani ya kromosomu za mahindi, kwenye vipande vya DNA vyenye tabia ya kuhama. Pa pili ni kwenye soko la wanga la Uingereza la mwanzoni mwa karne ya 20. Hoja yangu ni kwamba vile vipande vilileta rangi bila kukusudia chochote, na soko ndilo lililochagua. Sisi tulikuja baadaye, tukauita uchaguzi wa soko mila. Na gharama yake imelipwa na watoto.

Punje zenye madoadoa

Nianze na Barbara McClintock, aliyezaliwa Marekani mwaka 1902 na kusomea Chuo Kikuu cha Cornell. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 alifanya kazi Cold Spring Harbor, jimbo la New York. Mama huyu alikuwa na shamba dogo la mahindi, hadubini, na subira ambayo wengi wetu hatuna. Kilichomshughulisha ni punje zenye madoadoa ya zambarau. Kwa sheria za Mendel punje ingepaswa kuwa na rangi au kutokuwa nayo. Haya madoa yanatoka wapi?

Katikati ya miaka ya 1940 akaona kwamba kipande fulani kwenye kromosomu ya 9 kinaivunja kromosomu hiyo mahali pale pale kila mara. Kisha, ajabu, mahali penyewe pakahama. Akakiita Ds. Akaona pia kwamba Ds haifanyi kitu mpaka kuwe na mwenzake, aliyemwita Ac. Maelezo ya madoa yakawa mepesi kuliko watu walivyotegemea. Ds ikiingia ndani ya jeni ya rangi, jeni inaharibika na punje inakosa rangi. Punje inapokua, Ds inaweza kuchomoka katika seli moja. Seli hiyo na uzao wake wote wanarudishiwa rangi, na hilo ndilo doa. Ikichomoka mapema doa ni kubwa, ikichelewa doa ni dogo.

Aliandika mwaka 1950, akasimama mbele ya wenzake mwaka 1951, na mapokezi yakawa ya baridi kabisa. Wakati ule jeni zilidhaniwa zimepangwa kwenye kromosomu kama shanga kwenye uzi, na shanga hazitembei. Mpaka vipande kama hivyo vilipoonekana ndani ya bakteria mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo watu wakaanza kurudi kwenye maandishi yake. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983, peke yake, akiwa na miaka 81.

Vipande hivi wataalamu huviita transposoni. Kwa urahisi wa mazungumzo nitaviita vihamaji.

Shamba lililojaa wageni

Vihamaji vya mahindi viko vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza hujikata pale vilipo na kujipachika pengine, kama Ac na Ds. Namna ya pili, retrotransposoni, haviondoki. Hujinakili kwa njia ya RNA, nakala inageuzwa kuwa DNA, kisha inapachikwa mahali papya. Ya zamani inabaki, mpya inaongezeka. Hesabu yake mnaijua: ni kama deni la riba.

Mwaka 1996 Phillip SanMiguel na Jeffrey Bennetzen wa Chuo Kikuu cha Purdue, pamoja na wenzao, walichunguza eneo la kromosomu linalozunguka jeni moja ya mahindi iitwayo adh1. Walikuta vihamaji vimeingiliana, kimoja ndani ya kingine, kama sufuria zilizopangwa dukani. Miaka miwili baadaye wakaja na tarehe. Njia waliyoitumia inawahusu wale kati yetu wanaoshughulika na miswada ya kale. Retrotransposoni inapojipachika, ncha zake mbili huwa sawa herufi kwa herufi. Baada ya hapo kila ncha hukusanya makosa yake. Ni kama nakala mbili za utenzi mmoja, moja ikinakiliwa Lamu na nyingine Pate: kadiri vizazi vya waandishi vinavyopita ndivyo zinavyoachana. Hesabu makosa, utakadiria umri. Jibu lao: vihamaji walivyovichunguza viliingia ndani ya miaka milioni 6 iliyopita, na vingi ndani ya milioni 3. Kwa umri wa nyasi, hiyo ni juzi tu.

Mwaka 2009 jenomu nzima ya mahindi ilichapishwa. Ina herufi kama bilioni 2.3, na karibu asilimia 85 ni vihamaji. Mwaka huo huo ikatoka ya mtama, nafaka yetu wenyewe ambayo chimbuko lake ni upande wa Sudan: herufi kama milioni 730. Mtama na mahindi ni ndugu wa karibu, waliachana kama miaka milioni 12 iliyopita. Tofauti hiyo ya ukubwa kwa sehemu inatokana na mahindi kuwahi kurudufisha kromosomu zake zote, na kwa sehemu kubwa inatokana na vihamaji kuzaliana. Mpunga una herufi kama milioni 390 tu, wakati ngano, ambayo jenomu yake ilikamilika mwaka 2018, ina karibu bilioni 16. Wingi wa jeni hautofautiani kwa kiasi hicho hata kidogo. Kinachotofautiana ni mzigo wa wageni.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Vihamaji vingi havina faida kwa mmea, na vikiingia katikati ya jeni huharibu. Ndiyo maana mmea una ulinzi wake: huvifunga kwa alama za kikemia na kwa vipande vidogo vya RNA, visinakiliwe tena. Tunavyoviona leo vingi ni magofu. Ni kama Gedi: kuta zipo, wenyewe hawapo. Lakini mara chache kihamaji hutua karibu na jeni, si ndani yake, na kikawa kama swichi mpya. Jeni ikaanza kufanya kazi mahali au wakati ambao haikuwa ikifanya. Mfano mashuhuri ni wa mwaka 2011, kutoka maabara ya John Doebley. Kihamaji kiitwacho Hopscotch, kilichokaa mbele ya jeni tb1, ni sehemu ya sababu iliyofanya mmea wa mwitu wa Meksiko, teosinte, wenye matawi mengi, uwe hindi lenye shina moja. Na umri wa Hopscotch ni mkubwa kuliko kilimo cha mahindi chenyewe. Kilikuwepo porini kikisubiri, au tuseme hakikuwa kikisubiri chochote. Mkulima ndiye aliyekiona kwa macho yake bila kukijua kwa jina, akahifadhi mbegu.

Njano ilitoka wapi?

Sasa turudi kwenye rangi. Punje za teosinte ni nyeupe ndani. Yaani kwa kuanzia, nyeupe ndiyo ya kale, na njano ilikuja baadaye mikononi mwa wakulima wa Amerika. Jeni inayohusika huitwa y1, na kazi yake ni hatua ya mwanzo ya kutengeneza karotinoidi, zile rangi za njano na machungwa. Mwaka 1990 jeni hii ilikamatwa kwa kutumia kihamaji kingine, Mutator, kama chambo: tafuta punje iliyogeuka rangi, tafuta kihamaji kimetua wapi, hapo ndipo ilipo jeni.

Kila hindi, hata jeupe, lina y1, maana majani yanahitaji karotinoidi. Tofauti ni kwamba katika mahindi ya njano jeni hii inawaka pia ndani ya punje. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mbele ya y1 ya njano kuna vipande vilivyopachikwa ambavyo havipo kwenye nyeupe, kimojawapo kikiwa mabaki ya kihamaji, na hivyo ndivyo vinavyoshukiwa kuiwasha. Halafu mwaka 2017 ikatoka habari ya upande wa pili. Yapo mahindi ambayo njia ya njano iko wazi, lakini punje zake zimepauka tena kwa sababu ya eneo liitwalo White Cap. Humo jeni ya kimeng'enya kinachovunja karotinoidi imerudufishwa mara nyingi mfululizo, na kilichoibeba na kuizidisha ni kihamaji.

Kwa hiyo kuna weupe wa kale, kuna njano iliyoingia, na kuna weupe uliorudi kwa mlango mwingine. Atakayesema hindi jeupe ndilo hindi halisi, tumuulize kwanza ni jeupe lipi.

Soko lachagua

Mahindi yalifika pwani yetu baada ya safari za Wareno, na jina lenyewe linatangaza ugeni: mahindi, ya Hindi, hata kama hayakutoka huko. Wachewa wakayaita chimanga, jina linalohusishwa na Manga, ng'ambo ya Waarabu. Kwa karne kadhaa yalikuwa ya rangi nyingi: meupe, ya njano, mekundu, ya zambarau, na ya mchanganyiko kwenye gunzi moja. Tena mchanganyiko huo ni rahisi kutokea. Chavua ya hindi la njano ikidondokea suke la hindi jeupe, punje hiyo hiyo ya msimu huo inakuwa ya njano. Huhitaji kusubiri kizazi kingine. Kumbukeni jambo hili.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya walianza kulima mahindi ya kusafirisha. Mnunuzi mkubwa alikuwa Uingereza, na viwanda vya wanga vya huko vililipa bei ya juu kwa punje nyeupe na bapa. Mbegu za Kimarekani kama Hickory King zikaingia Afrika Kusini, kisha zikapanda kaskazini. Huko Kenya ukazaliwa mchanganyiko uliojulikana kama Kenya Flat White. Na kwa sababu ya ile habari ya chavua, mlowezi mwenye shamba jeupe hakuweza kumvumilia jirani mwenye hindi la njano au la rangi rangi. Gunia lake lingeshushwa daraja. Hivyo weupe ukawa jambo la madaraja ya soko na mashinikizo ya vyama vya wakulima, si la ulimi wa mlaji.

Upande wa walaji nako kulikuwa na Witwatersrand. Tangu dhahabu ilipopatikana hapa mwaka 1886, migodi ilikusanya vijana kutoka Msumbiji, Nyasaland, Basutoland na kwingineko, na baadaye hata kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika kupitia lile shirika ambalo wazee waliliita Wenela. Posho kambini ilikuwa unga wa mahindi meupe. Mtu alirudi kwao na blanketi, baiskeli, na mazoea ya chakula cha mjini. Sembe nyeupe ikawa alama ya aliyeendelea. Wimbi, mtama na mahindi ya rangi yakabaki ya shamba.

Sasa tazameni tarehe. Mwaka 1920, huko Wisconsin, Harry Steenbock na mwenzake walichapisha matokeo ya kulisha panya kwa mahindi meupe na ya njano. Wa njano walikua, wa meupe walidhoofika kwa kukosa kile tunachokiita leo vitamini A. Mwaka 1930 Thomas Moore wa Cambridge akaonyesha kwamba mwili hugeuza karotini kuwa vitamini hiyo. Mwaka 1931 Mangelsdorf na Fraps wa Texas wakaonyesha kwamba kadiri punje inavyobeba dozi nyingi za jeni ya njano ndivyo vitamini A inavyoongezeka. Wakulima wa Marekani wakazidi kuhamia njano, hasa kwa ajili ya mifugo yao. Sisi, katika miaka hiyo hiyo, tulikuwa tunasukumwa kwenda nyeupe. Ng'ombe wa Iowa akapewa karotini, mtoto wa Kavirondo akanyimwa. Wala si kwamba elimu ilikosekana, ilikuwa imechapishwa.

Uhuru haukugeuza mwelekeo. SR52 ya Rhodesia ya mwaka 1960 ilikuwa nyeupe. Kitale, mwaka 1964, ilitoka H611, mbegu chotara iliyozaliwa na Kitale Synthetic II na Ecuador 573 kutoka Andes, nayo nyeupe. Kazi ile ya Kitale ilikuwa kubwa na ililisha nchi, siibezi hata kidogo. Nasema tu kwamba rangi ilikuwa imeshaamuliwa kabla mtafiti hajaingia shambani.

Aibu ya njano

Njano iliporudi, ilirudi kwa mlango wa njaa. Tanzania, katika miaka ya shida ya chakula ya 1970 na 1980, unga wa njano wa kutoka nje ukapachikwa jina la Yanga, kwa rangi ya jezi. Utani mzuri, lakini ndani yake kuna uchungu wa foleni. Kenya, ukame wa 1984, mahindi ya njano ya kuagizwa yaliliwa kwa manung'uniko na hayajasahaulika. Na tuwe wa haki: mara nyingi yalikuwa yamekaa sana melini na maghalani, yakawa na harufu. Mtu anayeyakumbuka hakudanganywa na ulimi wake. Ila lawama ilienda kwenye rangi badala ya kwenda kwenye ghala.

Matokeo yake ni hali ya ajabu tunayoishi nayo. Ukosefu wa vitamini A huleta upofu wa usiku na kupunguza uwezo wa mtoto kuhimili surua na kuhara. Afrika Kusini, tangu Oktoba 2003, sheria inawalazimu wasagaji kuongeza vitamini A na virutubishi vingine kwenye unga wa mahindi. Kenya ikaweka sharti kama hilo mwaka 2012. Yaani tulichagua mbegu isiyo na rangi, kisha kiwandani tunarudisha kwa kijiko kile ambacho punje ingekuja nacho yenyewe. Kwa mwenye kununua paketi dukani, sawa. Lakini anayesaga debe lake kwenye mashine ya mtaani, hicho kijiko hakimfikii.

Machungwa

Sura ya mwisho bado inaandikwa. Mwaka 2008 na 2010 watafiti walibaini tofauti za asili katika jeni mbili, lcyE na crtRB1, zinazoamua ni kiasi gani cha karotinoidi kitabaki kama beta-karotini badala ya kugeuzwa kitu kingine. Baadhi ya tofauti hizo ni nini? Kuwepo au kutokuwepo kwa kihamaji kando ya jeni. Wazalishaji wa mbegu sasa hupima vipande hivyo kwenye jani la mche mchanga, wakajua mapema mmea upi wa kubaki nao. Hakuna jeni ya kupandikizwa kutoka kiumbe kingine hapo. Ni kuchagua na kuzalisha, kazi ile ile ya mkulima wa kale wa Meksiko, isipokuwa sasa tunaona kilichokuwa kimejificha.

Zambia iliidhinisha chotara za kwanza za rangi ya machungwa mwaka 2012. Jaribio lililofanywa huko kwa watoto, likachapishwa mwaka 2014, lilionyesha kwamba ulaji wa mahindi hayo uliongeza akiba ya vitamini A mwilini. Na Wazambia wenyewe waliyapokea kuliko ilivyohofiwa, kwa sababu machungwa si njano: hayakuwa na kumbukumbu ya njaa juu yake. Jambo hilo linanifundisha zaidi kuliko makala nyingi za maabara.

Kihamaji hakina nia. Kinajinakili tu, mara nyingi kwa hasara, na kwa bahati adimu kinaacha swichi. Anayeichagua swichi ni mtu, na mtu huyo ana soko lake, bwana wake, aibu yake na watoto wake. Karne moja iliyopita waliochagua kwa niaba yetu hawakuwa wakila ugali. Safari hii uchaguzi uko kwetu, na tusijifiche nyuma ya neno asili.

Nawaachia swali wale wenye wazee wanaokumbuka: huko kwenu, kabla ya sembe nyeupe kutawala, mahindi ya rangi yaliitwaje, na yalipikwa vipi? Majina hayo yakipotea, tutaamini kweli kwamba hapakuwahi kuwa na kingine.

Naomba kuwasilisha.